Mwanamume akiambiwa hapana: kuchagua mfululizo wa mapenzi wenye moto

Mdogo wangu anafanya kazi ya zamu, na nafasi yake ya kusoma ni ile ya kwenye daladala na ile ya kuutafuta usingizi baada ya zamu ya usiku. Wiki tatu zilizopita aliniandikia: “Dada, nataka riwaya za mapenzi za watu wazima, za kweli kweli, siyo zile ambazo wakifika mlangoni taa inazimwa na sura inaisha. Lakini kila nikiulizia, huyu anasema hii tamu, yule anasema hii hii ni uchafu. Nishike ipi?”

Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona ujumbe hautoshi. Riwaya hizi nimezisoma tangu enzi za Mills & Boon zenye kurasa zilizolegea, tulizopokezana bwenini na kuzificha chini ya godoro, na mpaka leo nazipenda kwa moyo wote. Najua pia kwamba mtu akianzia kwenye mfululizo usiomfaa, hufunga kitabu na kuamini kwamba riwaya zote za mapenzi ni vile. Hilo linaniuma, kwa sababu baina ya mfululizo mmoja na mwingine kuna tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Wasomaji wa Kiingereza wana kipimo chao cha moto: huhesabu pilipili. Moja ni mabusu, tano ni milango wazi sura baada ya sura. Kipimo hicho kina kazi yake. Ila nikisikiliza kwa makini watu wanavyobishana kuhusu vitabu hivi, naona ya chumbani hayawagombanishi sana. Asiyeyapenda huruka kurasa mbili tatu akaendelea na hadithi. Kinachowagawa mpaka sauti zikapanda ni yule mwanamume: wivu wake, ulinzi wake, na anavyolipokea neno “hapana”. Msomaji mmoja anamwona mtu anayejua kupenda, mwenzake anamwona askari jela aliyevaa suti. Jambo la pili linalowagawa ni subira, yaani penzi moja linavutwa kwa vitabu vingapi kabla ya kutulia. Nimeanza kulinganisha kwa maswali hayo mawili, pilipili nikaiweka ya tatu.

Zote ninazozitaja nimezisoma kwa Kiingereza, na zote ni za watu wazima. Usimwachie mtoto wa shule simu yako ukiwa katikati ya sura.

Mabilionea wawili

Fifty Shades na Crossfire hutajwa pamoja kama Kurwa na Doto, na si bure. Fifty Shades of Grey ya E L James ilitoka mwaka 2011 kwa mchapishaji mdogo wa Australia, baada ya kuanza kama hadithi ya shabiki wa riwaya za Twilight iliyokuwa ikiwekwa mtandaoni kidogo kidogo. Mwaka 2012 wachapishaji wakubwa wakaichukua, na kufikia 2014 vitabu vitatu vya mfululizo huo vilikuwa vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 100. Bared to You ya Sylvia Day, kitabu cha kwanza cha Crossfire, aliitoa mwandishi mwenyewe mnamo Aprili 2012, na miezi miwili baadaye ikawa imeshaingia kwa mchapishaji mkubwa Penguin. Kote kuna bilionea kijana, mzuri wa sura, aliyeumizwa utotoni. Kote kuna binti anayeanza maisha ya kazi katika jiji kubwa la Marekani: Seattle kwa Fifty Shades, New York kwa Crossfire. Wasomaji wengi waliofungua Crossfire mwaka ule walilalamika kwamba wameuziwa kitabu kile kile kwa jalada jingine.

Mimi sikubaliani nao, na ninachoshikilia ni lile swali langu la “hapana”.

Katika Fifty Shades, yule binti, Ana, anamwambia bilionea wake, Christian Grey, kwamba anahitaji muda wa kufikiri, kisha anapanda ndege kwenda kwa mama yake Georgia, upande mwingine kabisa wa nchi. Christian anatokea huko huko. Gari la Ana la zamani linauzwa, mahali pake inakuja Audi ambayo hakuiomba. Katika kitabu cha pili Ana anapata kazi kwenye kampuni ya kuchapisha vitabu, na Christian anainunua kampuni yenyewe. Kuna na mkataba wa mapenzi unaoingia mpaka kwenye chakula atakachokula na saa atakazolala. Wapo wasomaji wanaosoma haya yote na moyo ukayeyuka: mwanamume mwenye kila kitu anashindwa kukaa mbali naye hata siku mbili. Rafiki yangu mmoja, mama wa watoto watatu, aliniambia kwamba baada ya miaka ya kuwa yeye ndiye anayekumbuka kila kitu nyumbani kwake, kumsoma mtu anayefikiriwa na mwingine mpaka mlo wake wa asubuhi kulikuwa kama kupumzishwa. Ninamwelewa, na sitamcheka kamwe.

Wapo waliosoma kurasa hizo hizo na damu ikaganda. Mwaka 2013 mtafiti wa Marekani Amy Bonomi na wenzake walikichambua kitabu cha kwanza, wakaandika kwamba ndani yake wanaona dalili za unyanyasaji: kufuatiliwa, kutishwa, kutengwa na watu wake. Lawama nyingine imetoka kwa watu ambao mapenzi ya kutawalana na kufungana ni sehemu ya maisha yao. Wao wanasema kwao maelewano hutangulia kila kitu, na kitabu kimeyaonyesha mapenzi yao kama ugonjwa unaosubiri kutibiwa na mke mwema. Wanaomtetea Christian hukumbusha kwamba Ana hakuutia mkataba ule saini, na kwamba kitabu cha kwanza kinaisha Ana akiondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Kwenye uandishi, hata mashabiki huwa hawabishi sana. Maneno yanajirudia mno, na kila Ana akiguswa kuna mungu wa kike wa moyoni mwake anayeamka kucheza. Ukisoma vitabu vyote vitatu mfululizo utachoka naye. Lakini kuna jambo ambalo ni haki kulisema: mfululizo huu ulilitoa godoro juu ya vitabu. Mei 2012 maktaba za Brevard County, Florida, ziliviondoa rafuni, wasomaji wakapiga kelele, na kabla ya mwezi kwisha vikarudi. Wanawake waliokuwa hawajasoma riwaya tangu shule walivisoma hadharani kwenye treni. Kwa hilo nawashukuru, kitabu na mwandishi wake.

Sasa Crossfire. Gideon Cross naye ana wivu, naye ana fedha za kutisha, na jengo analofanyia kazi Eva ni mali yake. Anamtaka Eva siku za mwanzo kabisa, kwa maneno makavu ya kibiashara. Eva anachukizwa na kumkatalia, na Gideon analazimika kurudi na lugha nyingine. Hapo ndipo ndugu hawa wawili wanapoachana. Eva amewahi kupenda na kupendwa, ana mshauri wake wa nafsi, ana maneno yake, na ana wivu wake pia ambao si mdogo hata kidogo. Akibanwa anaondoka, Gideon anamfuata, wanagombana kama watu wawili wenye nguvu sawa. Wote wawili waliumizwa kingono wakiwa wadogo, na wanakwenda pamoja kwa daktari wa nafsi kuzungumza. Ukiwa na jeraha la namna hiyo, ujue mapema kwamba jambo hili halipitiwi juu juu. Linarudi katika ndoto, katika kitanda, katika ugomvi. Nimesikia wasomaji wenye historia hiyo wakisema ndipo mara ya kwanza walipomwona mtu kama wao akipendwa na kutamaniwa, na nimesikia wengine waliokifunga kitabu kwa sababu kiliwagusa karibu mno. Wote wana haki.

Tatizo la Crossfire ni subira. Iliahidiwa kuwa vitabu vitatu. Ikawa vitano: viwili mwaka 2012, cha tatu 2013, cha nne 2014, cha mwisho 2016. Waliokuwa wakiisoma ikitoka walikasirika, na hasira yao naielewa, maana sisi tuliokulia kwenye hadithi za magazeti tunalijua neno “itaendelea” linavyouma likija mahali pabaya. Wagombanao ndio wapatanao, lakini kugombana na kupatana kwa vitabu vitano kunachosha hata msomaji mvumilivu. Cha tatu na cha nne vina sehemu ambazo penzi halisogei, linazunguka tu. Kwa upande mwingine, wewe unayeanza leo una vitabu vyote mkononi. Adhabu ya kungoja miaka miwili haikuhusu tena.

Kwa pilipili, zote mbili zimejaa. Crossfire imeandikwa kwa ustadi zaidi na ina mambo mengi zaidi ya chumbani, kiasi kwamba wapo wanaosema inapita kiasi. Kiingereza cha Fifty Shades ni chepesi, sentensi fupi fupi, na kwa anayesoma Kiingereza kwa kujikaza hiyo si faida ndogo.

Twisted: marafiki wanne, wanaume wanne

Ana Huang aliitoa Twisted Love mwenyewe mwaka 2021. Vijana wa TikTok ndio walioibeba, na kufikia 2022 mfululizo mzima wa vitabu vinne ulikuwa mikononi mwa wachapishaji wakubwa. Mpangilio wake ni tofauti kabisa na mabilionea wetu wawili. Wasichana wanne waliosoma chuo kimoja ni marafiki, na kila kitabu ni cha mmoja wao na mwanamume wake. Penzi linaanza na kwisha ndani ya jalada moja, na wenzake unawaona wakipita pembeni. Kila mmoja wa wapenzi hupewa sura zake za kusimulia, kwa hiyo hutabaki ukikisia mwanamume anawaza nini kama unavyokisia kwa Christian.

Hapa jibu la swali langu linabadilika kitabu kwa kitabu, na wasomaji wenyewe ndivyo wanavyogawanyika. Alex wa kitabu cha kwanza ni rafiki wa kaka yake Ava, ameombwa amwangalie Ava wakati kaka yuko safarini. Ni mtu wa barafu, ana kisasi anachokilea tangu utotoni, na uangalizi wake unavuka mipaka mapema sana. Wanaompenda wanampenda kwa wazimu. Wanaomchukia wanasema ni Christian Grey aliyezaliwa upya akiwa na umri mdogo zaidi. Mimi niko karibu na hawa wa pili, ingawa nilikimaliza kwa siku mbili.

Cha pili, Twisted Games, ndicho kinachosifiwa hata na wasioupenda mfululizo wenyewe. Bridget ni binti mfalme wa nchi ya kubuni, Rhys ni mlinzi wake. Kinachowazuia ni sheria ya nchi kuhusu ndoa za kifalme pamoja na kazi ya Rhys, kwa hiyo kujizuia kwao kuna sababu unayoiamini. Moto unachelewa, na unapokuja unakuwa umelipiwa. Kuhusu “hapana”, Rhys ana amri nyingi kama mlinzi yeyote, lakini Bridget ndiye mwenye cheo, na mizani hiyo inawafanya wagombane bila mmoja kummeza mwenzake. Twisted Hate ni cha mahasimu wanaotupiana maneno makali mpaka kitandani. Ukipenda majibizano utacheka sana, usipopenda utaona ni utoto. Cha nne, Twisted Lies, kina mwanamke anayefuatiliwa na mtu asiyemjua, na mwanamume anayemhifadhi huku naye akimficha mambo. Wasomaji niliowasikia wakikilalamikia walisema jambo moja: hofu ya Stella imegeuzwa kuwa daraja la kumfikisha nyumbani kwa Christian Harper. Wanaokipenda husema upole wa Stella na utulivu wao wakiwa pamoja ndio uliowashika.

Mwandishi huweka tahadhari mwanzoni mwa vitabu hivi. Zisome. Zimeandikwa kwa ajili yako, na haziharibu utamu wowote.

Ndugu watatu wa Nottingham

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kati ya yote huu ndio mfululizo ninaoununua mara mbili mbili ili niwe na nakala ya kugawa.

Talia Hibbert ni Mwingereza mweusi, na ndugu wa ukoo wa Brown anaowaandika nao ni Waingereza weusi wa Nottingham. Ni vitabu vitatu, cha kwanza Get a Life, Chloe Brown, kimoja kwa mwaka tangu 2019 hadi 2021, kila ndugu na chake. Chloe anaishi na fibromaialjia, ugonjwa wa maumivu na uchovu usiokwisha. Siku moja anakoswakoswa kugongwa na gari, anakwenda nyumbani na kuandika orodha ya mambo ya kufanya ili maisha yake yawe maisha: kupanda pikipiki, kwenda kulala kambini, na mengine yasiyosemeka mbele ya mama mkwe. Red ndiye msimamizi wa jengo analohamia, mchoraji aliyevunjwa moyo na mapenzi yaliyopita.

Mwanamume akiambiwa hapana hufanya nini hapa? Anaacha. Kisha anauliza. Red anamwona Chloe akikaza uso kwa maumivu, na badala ya kumbeba kwa nguvu kama shujaa, anajifunza polepole mwili wake unataka nini leo, maana jana na leo haziko sawa. Nilikisoma mwaka ambao nilikuwa nikimuuguza mtu wa karibu mwenye maumivu ambayo vipimo havikuyaona, na ofisi moja ya matibabu ilikuwa ikimrudisha nyumbani kila mara na maneno kwamba hana kitu. Sura ambayo Chloe anaeleza jinsi marafiki walivyompungukia mmoja mmoja niliisoma mara tatu. Kisha sura chache mbele mwanamke huyo huyo anatamaniwa, anapewa raha, anacheka kitandani. Sijui niliwahi kukutana na hilo wapi kabla ya hapo. Wasomaji wenye magonjwa ya kudumu wamekisifu kwa sababu iyo hiyo: mgonjwa hapa hafi ili kuwafundisha wenzake, wala haponywi na penzi.

Cha pili ni cha Dani, mwanachuo anayesomea shahada ya uzamivu, ambaye anataka kitanda bila ndoa. Zafir ni mlinzi wa jengo la chuo, aliyekuwa mchezaji wa raga, mtu mwenye wasiwasi unaombana kifua, na ambaye mwenyewe husoma riwaya za mapenzi. Anamtoa Dani kwenye lifti iliyokwama, watu wanarekodi, video inasambaa, wanaamua kujifanya wapenzi. Hapa anayesema “hapana” kwa mapenzi ni mwanamke, na anayeomba moyo ni mwanamume. Baada ya mabilionea, mgeuzo huo ulinipunga kama upepo wa bahari. Cha tatu ni cha Eve, anayemgonga kwa gari mwenye nyumba ya wageni aliyekwenda kumwomba kazi, akamvunja mkono. Jacob ana usonji na anaujua, Eve anakuja kujitambua taratibu. Wengi husema hiki ndicho bora. Mimi ni wa Chloe, lakini sitagombana na mtu.

Lawama zipo. Majalada yake ni ya kuchorwa, yenye rangi za pipi, na wapo walionunua wakitegemea kitabu cha mabusu wakakutana na pilipili nne kamili. Hao hutoa alama ndogo kwa hasira. Wazee wetu walishauliza: pilipili usizozila zakuwashiani? Soma maelezo ya nyuma kabla ya kununua. Lawama ya pili ina uzito zaidi. Katika kitabu cha kwanza, ugomvi wa karibu na mwisho unakuja ghafla, kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza. Ninakubali, na kila nikirudia kusoma hupita hapo haraka. Lawama ya tatu ni lugha: utani wake ni wa Kiingereza cha Uingereza, wa maneno ya pembeni, na asiyeuzoea huukosa.

Helen Hoang, kwa kifupi

The Kiss Quotient ya mwaka 2018 ilishinda kura za wasomaji wa Goodreads, mtandao wa wapenda vitabu, mwaka huo katika fungu la mapenzi. Stella, mtaalamu wa takwimu za uchumi mwenye usonji, anamlipa Michael amfundishe mambo ya kitandani, na anakwenda na orodha ya masomo ya kuwekea alama. Pilipili zinaanza mapema, lakini Michael anaona mwili wake umekakamaa, anasimama, anabadilisha mpango. Kwa kipimo changu ndiye mwanamume bora wa makala hii yote. Sisi wa pwani tuliopitia kwa somo tunajua kwamba mambo haya hufundishwa, na hakuna aibu katika kufundishwa, kwa hiyo wazo la kitabu halikunishangaza kama lilivyowashangaza wengine.

Jihadhari na cha tatu tu, The Heart Principle cha 2021. Wengi walikifungua wakitafuta utamu wa cha kwanza wakamkuta binti anayemuuguza baba aliyepigwa na kiharusi, huku ukoo mzima ukimkandamiza. Mwandishi anaeleza mwishoni kwamba mengi ameyachota katika maisha yake. Ni kitabu kizuri sana na kinaumiza sana. Usikisome kwenye daladala.

Na ya kwetu Afrika?

Ankara Press ni tawi la mapenzi la Cassava Republic, wachapishaji wa Nigeria. Lilianza mwishoni mwa 2014 kwa riwaya sita fupi fupi, kila moja na wapenzi wake, kwa hiyo ni mfululizo wa mchapishaji, ukichukua yoyote umeanza. Walitangaza wazi wanachotaka: wanawake wenye kazi na malengo yao, wanaume wasiohitaji kumtisha mtu ili waonekane wanaume, na kinga inayotajwa mle mle chumbani bila kuvunja mahaba. Swali langu, kwa maneno mengine, wao waliliweka kwenye masharti ya kazi. Katika siku ya wapendanao ya 2015 walitoa bila malipo mkusanyo wa hadithi fupi za mapenzi zilizotafsiriwa katika lugha za Kiafrika, na hadithi ya Binyavanga Wainaina ikatiwa kwa Kiswahili na Elieshi Lema. Nilipoisoma nilijisikia fahari ambayo mabilionea wa Seattle hawajawahi kunipa.

Malalamiko ya wasomaji ni kwamba riwaya zenyewe ni fupi mno na moto wake ni wa wastani, pilipili mbili hadi tatu, na kwamba wahusika hupatana haraka. Ni kweli. Lakini chakula kinachopikwa humo unakijua, mama mkwe unamjua, na foleni ya magari inayowachelewesha unaijua.

Nishike ipi, basi?

Ukitaka kuvutwa usingizi ukupotee, na wivu wa mwanamume unaupokea kama chumvi ya mchuzi katika kitabu, hata kama nyumbani usingeuvumilia, chukua Crossfire uiache Fifty Shades, isipokuwa kama Kiingereza ndicho kinachokutisha. Usome kwa mpangilio, uwe navyo vyote vitano. Ukiwa mtu wa muda mfupi mfupi na hupendi kuachwa njia panda, mifululizo ya kitabu kimoja penzi moja ndiyo yako: Twisted Games kwanza, kisha uone kama unamtaka Alex. Wapo watakaokwambia lazima uanze cha kwanza. Utapoteza vijitukio vichache tu vya urafiki wao.

Ukiwa umetoka kwenye mapenzi yaliyokubana, na neno “nilikufuata kwa sababu nakupenda” bado linakupandisha mapigo ya moyo, nakusihi uanze na Chloe Brown au The Kiss Quotient. Mabilionea watakungoja. Na ukiwa hujawahi kabisa kusoma mapenzi yenye milango wazi na unaona haya kidogo, pita Ankara Press kwanza, upashe mwili moto.

Mdogo wangu nilimsomea haya yote kwa simu, nikijua kwamba nampeleka kwa Chloe. Alinyamaza, kisha akasema: “Dada, huyo Red ni mwema. Lakini mimi mchana kutwa nawasikiliza wagonjwa na ndugu zao nikiwa nimeuma ulimi. Nataka mwanamke anayejibu.” Akachukua Crossfire. Juzi usiku, saa saba na nusu, aliniandikia kwamba amekimaliza cha pili, na kwamba Eva amefunga mlango na yeye, mdogo wangu, amepiga makofi peke yake chumbani. Jana alitaka kujua kama namba tatu ninayo.